Kunyamaza Mkutanoni si Heshima

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa mwalo mmoja karibu na Mwanza)



Leo alfajiri nilifika hapa mwaloni mitumbwi ikirudi. Tuliamkiana mwangaluka, kisha nikatazama akina mama wakipatana bei ya dagaa. Kila ndoo walishindania kwa sauti kubwa, na hakuna mvuvi aliyeweza kuwapunja. Sasa ni saa kumi. Tumekaa kuzungumza juu ya mahali pa kuanikia dagaa hao hao, na akina mama wale wale wamekaa nyuma, wameinama, kanga midomoni. Ile sauti imekwenda wapi?

Mtasema ni heshima. Mimi ni mtoto wa Kisukuma. Najua binti hupiga magoti anapomwamkia mkubwa wake, wala sisemi desturi hiyo itupwe. Lakini kupiga magoti ni salamu, si kufungwa mdomo. Mtu akiisha kuamkia, hueleza haja yake.

Aibu hii tumefundishwa, na jambo la kufundishwa huweza kuachwa. Mkumbukeni Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. TANU ilipompa kazi ya kuongoza wanawake, aliwaendea kwanza wenzake wa ngoma, waliomjua. Baadaye alisimama mbele ya maelfu. Basi nanyi anzeni wawili wawili: mmoja aseme, mwenzake amuunge mkono.

Viti sheria imekwisha kutoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema baraza la ardhi la kijiji, lenye kusuluhisha magomvi ya ardhi, liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Lakini kiti hakisemi. Mkinyamaza, mchanga wenu wa kuanikia utagawiwa mbele ya macho yenu, na kitabu cha mkutano kitaandika kwamba wote walikubali.

Nanyi akina baba, msijifiche. Mara ngapi mkutano umeitwa saa ya kupika? Mara ngapi mama amesema, mkacheka? Anayecheka ndiye mwalimu wa aibu. Leo mwenyekiti awaulize akina mama kwanza, sisi wanaume tungoje.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama uliye pale nyuma, uliyenyosha mkono kisha ukaurudisha, simama. Tunakusikiliza.