Anayelinda mapafu ya wafanyakazi apunguziwe mchango

Makamanda wa Ngokolo, wengi wetu tuna kaka aliyekwenda Mwakitolyo au Nyarugusu akarudi na kikohozi kisichoisha. Vumbi la karasha lile.

Leo mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5 ya mishahara. Anayemwagia mawe maji na kuwapima watu wake mapafu analipa sawasawa na asiyejali. Sasa ahangaike ili iweje? Sheria ya 2003 ya usalama na afya kazini inataka vipimo, sawa, lakini sisi tunasema anayekinga apunguziwe, anayepuuza aongezewe.

Ila jamani, mwanaapolo analipwa mifuko ya mawe, mkataba hana. Mwenye duara asipewe punguzo lolote kabla hajawaandikisha watu wake.