Vidonge vya maumivu ya siku: neno kwa wazazi

Tunaanza na msichana mmoja wa kwetu, aliyerudi kutoka Nyarugusu. Ametukubalia tuseme bila jina. Kila mwezi siku mbili analala amejikunja, shule hapana. Brufeni haikumtosha. Munganga akampima presha, akauliza kama anaumwa kichwa cha kuona nyotanyota, kama kwao kuna mtu aliyeganda damu mguuni, ndipo akamwandikia vidonge vya kupanga uzazi. Mama yake kuviona, akavitupa chooni: "Umeanza wanaume?"

Kosa ni letu pia. Tulimwacha mtoto arudi na pakiti peke yake, mama hajaelezwa kitu. Vidonge vile vinafanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba; kile kinacholikaza tumbo kinapungua, na maumivu vilevile. Kizazi hakiharibiki: akiviacha, anaweza kuzaa.

Alhamisi mama atamsindikiza mwenyewe, na mfuko wetu utalipa fishi ya kituo. Jana alituambia, taratibu sana, kwamba na yeye aliumwa hivyo hivyo mpaka alipozaa.