Uvimbe katika Mji wa Mimba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu)



Nimeombwa niseme habari ya ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona, nao ni uvimbe uotao katika mji wa mimba. Madaktari huuita fibroidi. Mimi ni karani tu, si daktari. Lakini haya niliyoyaandika yamekwisha kuthibitishwa na wenye elimu, na heri yasemwe barazani kuliko kufichwa jikoni.

Kwanza, ni kitu gani? Ni nyama ya mji wa mimba wenyewe iliyokua kupita kiasi ikawa donge gumu. Pengine huwa dogo kama punje ya mtama, pengine hufikia ukubwa wa papai. Si chango, wala si uchawi. Na kuwa kansa ni nadra mno. Tena si ugonjwa wa wachache. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 80 katika kila 100 wamekwisha kuwa nao, na weupe karibu 70. Wengi hawana habari, maana hauwaumizi.

Pili, dalili zake. Hedhi huwa nyingi, hupita siku saba, na damu hutoka kwa mabonge. Tumbo huwa zito, haja ndogo huja mara kwa mara, na wengine hukawia kushika mimba. Mwanamke apotezaye damu hivi kila mwezi hudhoofika. Akijitwika ndoo ya maji huona kizunguzungu, nasi twamwita mvivu, kumbe damu imemwishia mwilini.

Tatu, matibabu. Wengi huogopa hospitali wakidhani dawa ni moja tu, yaani kuondolewa kizazi. Sivyo. Uvimbe usioleta taabu huachwa ukaangaliwa; hedhi ikikoma, kwa kawaida hunywea wenyewe. Damu ikizidi, viko vidonge vya kuipunguza, na vidonge vya kuongeza damu mwilini, na kitanzi chenye dawa kitiwacho ndani ya mji wa mimba. Ziko sindano za kuupunguza uvimbe kwa muda kabla ya kupasua. Zikiachwa, hukua tena. Katika hospitali chache kubwa daktari huweza kuziba mishipa ipelekayo damu kwenye uvimbe, ukanyauka kama mche ulionyimwa maji. Njia hiyo ilitangazwa na madaktari wa Paris mwaka 1995.

Kisha kuna kupasua, nako ni kwa namna mbili. Namna moja ni kuondoa uvimbe peke yake, mji wa mimba ukabaki, ili mwanamke aweze kuzaa. Daktari Victor Bonney wa London aliishughulikia sana kazi hiyo, na mwaka 1946 alitoa kitabu cha kuwafundisha wapasuaji. Lakini uvimbe mwingine waweza kuota baadaye. Namna ya pili ni kuondoa mji wa mimba wote: uvimbe haurudi kamwe, wala mwanamke hazai tena. Hiyo humfaa aliyekwisha kupata watoto, au ambaye njia nyingine zimemshinda.

Basi, wazee wetu, likiletwa kwenu shauri la mke anayetaka kuachwa kwa kuwa hazai, au anayesemwa kuwa amerogwa, ulizeni kwanza: Je, amepimwa hospitali? Haujapatikana bado mzizi uliothibitishwa kuuyeyusha uvimbe huu, na mbuzi wengi wamekwenda bure. Nanyi waume, fuataneni na wake zenu mkasikie njia zote. Ila aamue mwenye mwili. Walimu nao wawafundishe wasichana kuhesabu siku zao, wasione haya kusema damu inapozidi.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai.