Mshipi Usioonekana: Je, Huongeza Samaki?



Jioni hii nataka kunena juu ya jambo ambalo wavuvi hubishana juu yake tangu Lamu hata Mtwara, na katika maziwa ya bara vilevile: je, mshipi ambao samaki hauoni vizuri huvua samaki wengi kuliko mshipi uonekanao?

Wako wasemao ya kwamba samaki ana macho, na mwenye macho hatii kinywani chakula kilichofungwa kamba ikiwa kamba yenyewe anaiona. Wako wengine wasemao ya kwamba samaki mwenye njaa hatazami kamba, hutazama chambo, na mshipi mwema ni ule usiokatika. Penye wengi pana mengi. Lakini jambo hili si mabishano ya kupitisha wakati tu. Mshipi hununuliwa kwa fedha, na ule unaosifiwa kuwa hauonekani bei yake huzidi bei ya mshipi wa kawaida. Mtu mwenye ngalawa moja na watoto wa kulisha yampasa ajue kama fedha yake inanunua samaki au inanunua sifa.

Kwanza tuitazame mishipi yenyewe. Zamani ilisokotwa kwa pamba au kitani au nyuzi za miti. Ilikuwa minene, tena ilioza upesi isipokaushwa. Mwaka 1935 wataalamu wa kampuni ya DuPont huko Marekani, wakiongozwa na Bwana Wallace Carothers, walifaulu kutengeneza nailoni, na habari zake zikatangazwa kwa watu wote mwaka 1938. Kwa nailoni iliwezekana kufanya mshipi wa uzi mmoja tu, usiosokotwa, mwembamba na mwangavu. Kisha mwaka 1971 kampuni ya Kureha ya Japani ilitoa mshipi wa namna nyingine, uitwao florokaboni, na huo ndio unaosifiwa leo kuwa hauonekani majini.

Je, sifa hiyo ni ya kweli? Mfikirieni yavuyavu. Akiwa mchangani humwona kila mtu, kama donge la uji. Akiwa majini hata mwogeleaji humgusa asimwone. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, na nuru itokapo katika maji na kuingia mwilini mwake haipindi sana wala hairudi nyuma sana. Kitu mwangavu huonekana kwa sababu nuru hupinda na kurudi pale inapokutana nacho. Kikikaribia kuwa sawa na maji, hufichika.

Wataalamu wana kipimo cha kupinda kwa nuru. Kipimo cha hewa ni 1, cha maji 1.33, cha florokaboni kama 1.42, na cha nailoni kama 1.53. Basi florokaboni i karibu na maji kuliko nailoni. Lakini tupige hesabu mbele kidogo. Nailoni ikiwa hewani, uso wake hurudisha kama sehemu 4 katika 100 za nuru inayouangukia moja kwa moja. Ikiwa majini, hurudisha pungufu ya nusu ya sehemu 1 katika 100. Na florokaboni majini hurudisha kama sehemu 1 katika 1000. Hesabu hizi zatufundisha mambo mawili. La kwanza, mshipi unaong'aa mkononi mwako dukani sio mshipi atakaouona samaki, maana maji huufifisha sana. La pili, florokaboni imezidi nailoni kweli, lakini haikufutika. Bado huipinda nuru, na jicho lililo karibu laweza kuiona.

Sasa twende kwenye jicho la samaki. Lenzi yake ni mviringo kama ushanga, si bapa kama yetu, na imeumbwa kwa kuona ndani ya maji. Samaki wengi wa miamba huona rangi. Lakini rangi zenyewe hazishuki sawasawa. Katika bahari safi nuru nyekundu humezwa kwanza, na ikifika kina cha mita 10 imebaki kidogo sana. Nuru ya buluu ndiyo ishukayo mbali. Kwa hiyo wako wauzaji wasemao kwamba mshipi mwekundu hutoweka kilindini. Neno hilo halifuati. Nuru nyekundu ikiisha, mshipi mwekundu hauwi maji. Huwa mweusi, na uzi mweusi mbele ya buluu ya bahari waonekana vema.

Tena samaki hana macho tu. Ubavuni mwake una mstari wa viungo vidogo ambavyo kwavyo husikia maji yakitikisika. Mshipi mnene husukumwa na mkondo, nao hukikokota chambo kisivyo kawaida. Mshipi mwembamba hukiacha chambo kielee kama chakula kisichofungwa. Basi mvuvi aliyeacha mshipi mnene akashika mwembamba, akapata samaki zaidi, asiseme upesi kwamba ni kwa sababu hauonekani. Huenda ni kwa sababu chambo chake kimepata kwenda kwa uhuru.

Je, yako majaribio? Yako. Mwaka 2001 zilichapishwa habari za jaribio lililofanywa na wavuvi wa Kanada katika bahari kuu. Katika mshipi mmoja mrefu wenye ndoana nyingi walifunga matawi ya nailoni ya uzi mmoja na matawi ya nailoni ya nyuzi nyingi, yakipokezana. Matawi ya uzi mmoja yakashika samaki wengi zaidi, hata wale wakubwa wenye mdomo mrefu kama upanga. Na mwaka 2008 zikatoka habari za jaribio jingine, la Australia, lililolinganisha vipande vya waya na vipande vya nailoni karibu na ndoana. Nailoni ilileta papa wachache, maana papa huitafuna akaenda zake. Lakini ilileta jodari wa macho makubwa zaidi kuliko waya. Samaki huyu hutegemea sana macho yake, na yaelekea waya alikuwa akiuona.

Basi jibu la kwanza ni hili: katika maji safi, mchana, kwa samaki awindaye kwa macho, kama jodari, mshipi usioonekana sana huongeza samaki. Lakini mahali pengine faida hiyo hupungua au hutoweka. Usiku wa giza, au karibu na kinywa cha mto kama Rufiji baada ya mvua, maji yakiwa kama chai ya maziwa, mshipi wa bei kubwa na wa bei ndogo hufichika sawasawa. Na chewa, ambaye hukaa pangoni akaruka juu ya windo lake mara moja, hana nafasi ya kuukagua uzi. Kwake yeye yafaa zaidi mshipi mnene usiokatwa na mwamba.

Lakini bahari ya kila kijiji ina tabia zake. Kwa hiyo nataka kuwaonyesha njia ya kujaribu wenyewe, isiyohitaji shule wala mashine. Chukueni mishipi miwili, mmoja wa kawaida na mmoja wa bei kubwa, unene mmoja. Ndoana ziwe sawa, chubwi sawa, chambo kimoja, kina kimoja, saa moja. Wavuvi wawili wakae katika chombo kimoja, na kila siku wabadilishane mishipi na mahali pa kukaa, kusudi ustadi wa mtu au bahati ya upande isihesabiwe kuwa ni kazi ya mshipi. Wekeni vifuu viwili. Kila samaki apandaye, tieni kokoto katika kifuu cha mshipi uliomleta.

Na msifanye haraka ya kuhukumu. Mshipi mmoja ukileta samaki 7 na wa pili 4, hamjajua neno. Rusheni sarafu mara 11: zaidi ya nusu ya majaribio kama hayo, upande mmoja utatokea mara 7 au kuzidi, wala sarafu haina mshipi. Lakini baada ya siku nyingi vifuu vikionyesha 70 na 40, hapo mna neno la kushika, maana tofauti kama hiyo kwa bahati tu haitokei hata mara 1 katika 100. Kisha linganisheni thamani ya samaki waliozidi na bei ya mshipi. Hapo mmepata jibu lenu, wala muuza duka hawezi kuwapotosha.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Kinachofaa katika mshipi chaweza kudhuru katika wavu. Mshipi humkamata samaki mmoja aliyekubali kula. Wavu humkamata yeyote apitaye. Katika ghuba ya Kisumu nyavu za kitani ziliingia mwaka 1905, na ngege wakaanza kupungua hata kabla nyavu za nailoni hazijafika katika miaka ya 1950. Ikiwa wavu unaoonekana, tena unaooza, uliweza kuwapunguza, wavu usioonekana wala kuoza utafanya nini? Nyavu za uzi mmoja mwangavu, zile ambazo wavuvi wa Ziwa Viktoria huziita timba, hukamata sana. Na zikipotea majini huendelea kukamata samaki asiyeliwa na mtu. Ndiyo maana Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zilizikataza.

Wako waulizao, Mbona serikali yakataza kitu kinacholeta samaki wengi? Jibu ni kwamba chakatazwa kwa sababu hiyohiyo. Samaki aliyeweza kuuona wavu akaupita ndiye atakayezaa samaki wa mwaka ujao. Tukimwondolea nafasi hiyo, tumekula akiba pamoja na faida.

Basi wasikizaji, mshipi fichikaji utumieni panapofaa, kwa hesabu na si kwa uvumi. Na wavu usioonekana uacheni. Nawatakia bahari shwari na usiku mwema. Kwa herini.