Usimwite Kikojozi

Wengine wenu mko jikoni mwapika chai, wengine mwafunga safari ya kazini, na watoto wanatafuta soksi. Tupeni dakika chache. Leo twataka kuongea juu ya jambo ambalo watu hawalitaji mbele ya wageni, nalo ni mtoto anayekojoa kitandani. Msicheke. Katika nyumba fulani inayotusikiliza asubuhi hii godoro limelowa, na mtoto anaogopa kuamka.

Twalijua jambo hili kwa sababu lilitupata wenyewe, sisi bwana na bibi. Wakati huo tulikaa Nakuru, katika ploti ya nyumba nane zenye ua mmoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mtoto wetu wa pili, mvulana, alikuwa na miaka minane. Dada yake aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu, na mdogo wake vivyo hivyo, basi huyu tukamwona ni mvivu tu. Kwanza tulimwonya. Kisha tukamchapa. Mwisho, na hili latuuma mpaka leo, tulimwamuru alitoe godoro mwenyewe kila asubuhi, alibebe kichwani mpaka uani, aliegemeze ukutani mbele ya nyumba zote nane. Tulidhani aibu itamponya.

Haikumponya. Siku ya tatu watoto wa majirani walimngojea mlangoni na ule wimbo wa kumcheka kikojozi, ambao hatuna haja ya kuutaja, maana mwaujua. Aliyeuanzisha alikuwa dada yake. Tulipomkemea alitutazama kwa mshangao. Hata sasa tukifikiri, hatuoni kosa lake lilikuwa lipi. Sisi ndio tuliolipeleka godoro uani. Yeye aliliongezea sauti tu.

Mtoto naye akaanza mambo ambayo hatukuyaelewa. Alikuwa hanywi maji mchana kutwa, hata jua likiwaka. Likizo ya Agosti akakataa kwenda kwa nyanya yake, yeye aliyekuwa akihesabu siku. Usiku mmoja, yapata saa nane, tulimkuta ameketi sakafuni, macho wazi. Tukamwuliza anafanya nini.

"Nalinda," akasema.

"Walinda nini?"

"Nisilale."

Nyanya alipoona hapelekewi mjukuu, alikuja mwenyewe na kuku na mkungu wa ndizi, akiuliza mume wake mdogo amekataa kuja kwa nini. Asubuhi ya pili akaliona godoro ukutani. Hakusema neno mpaka watoto walipokwenda shule. Ndipo akamwita mwanawe.

"Godoro hili ni la nani?"

"Ni la kijana wako, mama. Amekataa kukua."

"Na wewe ulikua lini? Mimi nilifua matandiko yako mpaka ulipoingia darasa la tano. Baba yako alitaka kukuchapa, nikamwambia anichape mimi kwanza. Umesahau?"

Yule mmoja wetu aliyeulizwa alinyamaza. Hakuwa amesahau. Alikuwa amelificha jambo hilo, hata mkewe hakulijua katika miaka kumi na mitatu ya ndoa.

Wiki hiyo tulimpeleka mtoto kwa daktari. Alitueleza mengi kwa upole, na yafaa nanyi myasikie. Mtoto aliyelala hakojoi kwa kutaka. Wengine usingizi wao ni mzito, hata kibofu kikijaa hawaamki. Wengine miili yao hutengeneza mkojo mwingi usiku, na wengine kibofu chao hakijaweza kuubeba mpaka asubuhi. Katika watoto mia wa miaka mitano, kama 15 hivi bado hukojoa kitandani, na wavulana huwa wengi kuliko wasichana. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua, ingawa kuna watu wazima wachache, kama mmoja katika mia, ambao bado hulowesha. Tena jambo hili hufuata ukoo. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, watoto kama wanne katika kumi hupatwa. Wakiwa wote wawili, ni kama saba katika kumi au zaidi. Daktari alipotuuliza kama kuna mmoja wetu, hatukuweza tena kuficha.

Alitwambia tusimnyime maji mchana. Anywe vya kutosha asubuhi na adhuhuri, lakini chai na soda za jioni tuziache, na aende haja kabla ya kulala. Alimwuliza kama hupata choo kigumu, kwa kuwa choo kikikaa tumboni hukibana kibofu. Kisha akatutajia ishara za kumleta mtoto hospitali bila kungoja: akiwa na maumivu au damu katika mkojo, akilowesha nguo hata mchana, akianza kukojoa tena baada ya kukaa mkavu miezi sita au zaidi, akinywa maji kupita kiasi huku anakonda, maana hiyo huweza kuwa ni sukari. Mtoto aliyekuwa mkavu akaanza tena, wakati mwingine ana jambo moyoni. Huenda kuna kifo nyumbani, au wazazi wanagombana usiku, au kuna mtu anayemtendea uovu naye hana wa kumwambia. Mwulize polepole, mkiwa wawili tu, wala usimwulize ukiwa na fimbo mkononi.

Labda mwakumbuka habari za Hana, alipokwenda Shilo kuomba mtoto. Kuhani Eli alikuwa ameketi penye mlango. Aliona midomo yatikisika na sauti haisikiki, akakata shauri mara moja kwamba mwanamke huyu amelewa. Huyu alikuwa mzee, mtu wa hekalu aliyezoea kuwaona watu wakiomba. Aliona midomo tu, machungu hakuyaona. (Na wanawe mwenyewe walikuwa wakifanya maovu hapo hapo hekaluni, lakini hayo tuyaache kwa siku nyingine.) Hana alipomweleza, Eli hakubishana. Aligeuza maneno yake hapo hapo, akamwacha aende kwa amani. Sisi tulikuwa tumeketi penye mlango wa chumba cha mtoto miezi mingi, na tulichoona ni godoro tu.

Jioni ya siku ile tuliyotoka kwa daktari tulizima redio, mtusamehe kwa hilo, tukawaketisha watoto wote watatu. Baba akawaambia kwamba yeye naye alikojoa kitandani mpaka darasa la tano. Chumba kikanyamaza. Kijana akauliza, "Na wewe ulibeba godoro?"

"La. Nyanya yako alikuwa akilianika nyuma ya nyumba."

"Basi mbona mimi?"

Wapendwa, hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, wote wawili, na dada yake akisikia. Wako wazazi wanaoona kwamba ukimwomba mtoto radhi heshima yako imekwisha. Nasi tuliogopa hivyo. Lakini dada yake alianza kulia bila kuulizwa neno, akasema ule wimbo ni yeye. Ndugu yake akasema ajua.

Hatutaki kuwadanganya kwamba aliamka mkavu kesho yake. Alilowesha karibu miaka mitatu zaidi, mara nyingi, kisha mara chache, kisha hatujui siku gani akaacha. Tulinunua nailoni ya kutandika juu ya godoro. Shuka zilifuliwa nyuma ya nyumba bila maneno. Kunywa maji alirudia mwezi ule ule.

Mwaka uliofuata dada yetu alifariki, na mwanawe wa miaka sita akaja kukaa nasi. Juma la kwanza alilowesha kila usiku. Tulipokuwa bado twajiuliza nani aseme naye, na kwa maneno gani, tulisikia sauti chumbani alfajiri. Kijana wetu alikuwa amewasha taa, akimwonyesha mwenzake mahali nailoni inapowekwa na ndoo ya kuloweka shuka. Mdogo alikuwa akilia na kuuliza kama atarudishwa kwao.

"Nani akurudishe?" kijana akasema. "Hapa kwetu hata Baba."

Kuna jambo moja zaidi, juu ya shule. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza mtu yeyote kuadhibiwa kwa njia ya kumdhalilisha. Lakini katika bweni la watoto arobaini, kicheko huumiza pasipo fimbo, na mtoto anayelowesha aweza kukesha muhula mzima kama alivyokesha wetu sakafuni. Kama una mtoto wa namna hiyo naye anakwenda shule ya bweni, usimtie katika gari ukaomba tu mambo yawe mema. Nenda naye mapema kabla ya wengine kufika. Mwone mlezi wa bweni faraghani, umweleze, umwombe kitanda cha chini kilicho karibu na mlango, ili mtoto aweze kutoka usiku bila kuwaamsha wenzake. Mtilie sandukuni shuka ya ziada ya rangi nzito na nailoni. Na njiani, kabla hamjafika langoni, kama kuna kitu kilichokusumbua wewe ulipokuwa wa umri wake, mwambie.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa nanyi tena saa kama hii. Kwaherini kwa sasa.