Seva Inapokataa: Mlango Upi Umefungwa?

(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi, Bukoba na Muleba)



Karani amekwisha kupima kahawa ya maganda, ameandika jina lake na neno la siri bila kosa, lakini seva ya chama kikuu inamkatalia. Mkulima amesimama dirishani akingoja stakabadhi. Huo si wakati wa kumwambia arudi kesho, maana mnunuzi wa butura hahitaji kompyuta.

Dawa inayotumika sana ni karani kuazima neno la siri la meneja, au fundi kuwapa watumishi wote mamlaka yote. Dawa hiyo siikubali. Katika daftari la karatasi, mwandiko ulimtambulisha aliyebadili kilo 80 zikawa 60. Katika seva hakuna mwandiko. Liko jina la aliyeingia tu. Jina likiwa la kuazima, Kamati ya Usimamizi haitapata wa kumwuliza, na mkulima amekwisha kupoteza kilo 20.

Basi hapana budi tujue tumekataliwa wapi. Kompyuta za ofisi zilizounganishwa chini ya usimamizi mmoja huitwa kikoa. (Wazee wa pwani walilitumia neno hilo kwa chakula cha kuchangiana kwa zamu; kwa sisi wanaushirika limekaa mahali pake.) Akaunti ya kikoa humtambulisha mtu ni nani. Haisemi anaruhusiwa kufanya nini ndani ya hifadhidata. Hayo ni mambo mawili, na wengi huyachanganya.

Kwa wanaotumia hifadhidata ya Microsoft SQL Server, namba ya kosa hutuonyesha mlango. Namba 18456 maana yake umezuiwa langoni: seva haikukubali jina lako. Namba 4060 maana yake lango umepita, lakini hifadhidata uliyoiomba haikufunguka. Mara nyingi jina lako halikuandikishwa humo, ingawa yafaa pia kuhakikisha kwamba hifadhidata yenyewe ipo na inafanya kazi. Namba 229 maana yake umo ndani, ila jedwali fulani, tuseme la malipo, hukupewa idhini ya kulisoma au kulibadili. Kubadili neno la siri hakumsaidii mwenye 229, hata akilibadili mara kumi.

Hiyo 18456 yataka subira. Seva kwa makusudi haimwambii mtumiaji sababu halisi, ili mwizi asijifunze kitu. Sababu imeandikwa katika kumbukumbu za makosa ndani ya seva yenyewe, na fundi aanze kusoma huko kabla ya kugusa lolote.

Tazameni pia saa. Kikoa hutoa tiketi za kuingilia, na kwa kawaida tiketi hukataliwa ikiwa saa ya kompyuta inapishana na ya kikoa kwa zaidi ya dakika 5. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika hurudi nyuma miaka mingi. Chama cha huko Kishanda kinaweza kuhangaika na maneno ya siri siku nzima, kumbe tatizo ni betri.

Jambo jingine ni makundi. Ni afadhali idhini apewe kundi, mathalani makarani wa mizani, kisha karani aingizwe kundini. Lakini akiingizwa asubuhi huku kompyuta yake imekwisha kufunguliwa, ataendelea kukataliwa mpaka atoke na kuingia upya. Na kama yumo katika makundi mawili, moja likiruhusu na jingine likikataza waziwazi, katazo ndilo hushinda. Kwa hiyo kuongeza ruhusa juu ya ruhusa hakutamfungulia. Atafutwe aliyeandika katazo, na kwa sababu gani.

Katibu anayempigia simu fundi awe ameandika mambo manne: namba ya kosa, saa lilipotokea, jina la akaunti, na kompyuta iliyotumika. Neno la siri asilitaje, hata fundi akiliomba. Wakati fundi anatafuta, karani aandike stakabadhi ya mkono yenye namba, mkulima aende na nakala yake, na kilo ziingizwe baadaye kwa jina la karani yule yule aliyepima.

Na karani anapoacha kazi, barua ya chama imfikie fundi siku hiyo hiyo ili akaunti ifungwe.