Jirani Kwanza: Umeme wa Ruzizi na Marafiki wa Mbali

Mhadhara wa umma uliotolewa Cimpunda, Bukavu



Katika kongamano moja la hivi karibuni, msomi mwenzetu alitoa hoja iliyopigiwa makofi mengi. Alisema CEPGL, ile Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ni maiti isiyozikwa. Kongo, alisema, haina majirani, ina wavamizi. Basi tuachane na mikataba ya hapa kwetu, tutafute mkubwa mmoja wa mbali, tumpe madini, naye atupe ulinzi. Umeme utatoka kwenye mabwawa ya Inga, siku Inga yote itakapokamilika. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikawaona vijana wakiandika maneno hayo katika madaftari yao. Siku ile sikupata nafasi ya kujibu. Leo nimepewa jioni nzima, na sehemu kubwa nitaitumia kwa hoja hiyo, maana ina madhara kuliko inavyosikika.

Katika siasa mimi ni mhafidhina, na ni vizuri mlijue hilo mapema. Naamini taasisi iliyokwisha kufanya kazi, hata ikichakaa, itengenezwe kabla ya kuota nyingine. Naamini deni hulipwa. Naamini mkataba uliotiwa saini na dola haufi pamoja na rais aliyeutia saini. Wako wanaodhani huo ni msimamo wa matajiri wa Ulaya. Hapa Cimpunda, ambapo nyumba ya mbao juu ya mteremko husimama kwa nguvu ya ukuta wa mawe uliojengwa na mwenye kiwanja wa kwanza, sijaona msimamo mwingine unaofaa. Anayebomoa ukuta ule ili ajenge wa kisasa, mvua ya Novemba haimngojei. 

Turudi kwa mkubwa wa mbali. Mwenzetu anamzungumzia kama dawa ambayo hatujawahi kuionja, wakati tumeinywa kwa zaidi ya miaka ishirini. Rais Mobutu, Kongo ilipoitwa Zaire, alikuwa mtu wa Washington. Mwaka 1977 wapiganaji walipoingia jimbo la Shaba, yaani Katanga, kutoka Angola, askari wa Morocco waliletwa kwa ndege za Ufaransa kuja kumwokoa. Mwaka 1978 makomandoo wa Ufaransa na wa Ubelgiji walishuka Kolwezi. Mwezi Juni 1989 alipokewa na Rais George Bush mjini Washington. Miezi michache baadaye Ukuta wa Berlin ulianguka, na mwaka 1990 Bunge la Marekani likakata misaada. Mei 1997, Mobutu alipoikimbia Kinshasa akiwa mgonjwa, hakuna mkubwa aliyekuja kumwokoa. Silisemi hili kwa chuki juu ya Marekani. Marekani ilifanya kile ambacho kila dola hufanya: ilimpenda rafiki kadiri ilivyomhitaji.

Sasa mwaka huohuo wa 1989, uwekeni kando ya jambo jingine. Mwaka ule Mobutu alipokuwa akipigwa picha Washington, mitambo ya Ruzizi ya pili, kwenye Mto Ruzizi, ilianza kuzalisha umeme, hapa chini ya mji wetu. Ilikuwa mali ya kampuni moja, SINELAC, iliyoundwa mwaka 1983 na Zaire, Rwanda na Burundi, kila nchi na theluthi yake, makao yake hapa Bukavu. Ni megawati zipatazo 43. Hakuna gazeti kubwa la dunia lililojali. Ule urafiki wa Washington uliisha mwaka uliofuata. Kampuni hii ya theluthi tatu, chombo cha CEPGL, imepitia mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, vita vya 1996 na vya 1998, kutekwa kwa Bukavu Juni 2004 na tena Februari 2025, na haijavunjwa. Anayeiita CEPGL maiti anieleze ni maiti gani inayowasha taa katika nchi tatu.

Inga nayo inahitaji jibu, maana vijana wanaipenda. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, megawati 351. Ya pili ilianza mwaka 1982, megawati 1,424. Kisha ukavutwa waya wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, ili migodi ya Shaba ipate nguvu. Ni umeme wa mkondo mnyoofu, ambao hauwezi kuchomolewa njiani bila kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza. Kwa hiyo ulipita juu ya vijiji kwa vijiji, na chini yake watu waliendelea kuwasha koroboi. Nguzo zile ninazo katika picha moja ya zamani: shamba la mihogo, chuma kirefu kupita miti yote, na mama aliyejitwisha kuni akipita chini yake. Leo zinatajwa megawati 40,000 za Inga yote, na mataifa ya mbali yanapanga foleni kwenye ramani. Yakija, yatavuta waya kwenda wapi? Kwenda kwenye mgodi na kwenye mpaka wa mnunuzi. Cimpunda haimo katika mchoro wowote wa Inga niliowahi kuuona.

Na jeshi la kukodi kwa urafiki, je? Tulijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kikosi chake kilifika mwaka huohuo, na Desemba 2023 kilikuwa kinaondoka. Tukawaita wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. Nao walifunga kazi yao mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington, na tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakathibitisha mbele ya Donald Trump. Siku chache baadaye M23 waliingia Uvira. Sisemi karatasi ya Washington haina thamani. Nasema tu kwamba karatasi iliyotiwa saini mbali na mto haikuzuia mji ulio karibu na mto usichukuliwe.

Nimpe mwenzetu haki yake. Rafiki wa mbali ana mahali pake. Ruzizi ya pili haikujengwa kwa michango ya waumini. Benki ya Dunia na Wazungu wa Jumuiya ya Ulaya walikopesha. Lakini angalieni mpangilio. Kwanza majirani watatu walikubaliana. Wakaunda chombo cha kuchunguza mto, EGL. Wakaunda kampuni, wakagawana hisa, wakaandika nani atapata umeme kiasi gani. Ndipo mkopeshaji akaja, akakuta nyumba ina wenyewe. Leo tunamwita mgeni kwanza, kisha tunamwomba atupatanishe na mtu tunayechota naye maji.

Nimefika kwenye andiko ninalolipenda, na naomba mnivumilie hapa. Ni Mkataba wa Gisenyi wa tarehe 20 Septemba 1976, uliozaa CEPGL. Waliotia saini ni Mobutu wa Zaire, Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi. Hakuna kati yao anayestahili sanamu. Micombero alipinduliwa baada ya wiki sita tu, na Bagaza aliyemng'oa hakuuchana mkataba. Habyarimana aliuawa Aprili 1994. Mobutu mmeshasikia mwisho wake. Mkataba umebaki. Mnapousoma, msikimbilie biashara na benki. Tazameni shabaha ya kwanza kabisa: usalama wa dola tatu na wa wananchi wake, hata pasiwepo mtu wa kuvuruga utulivu mipakani. Biashara inafuata, watu na mizigo kuvuka inafuata, kisha utafiti, utamaduni, nishati. Wale watawala, pamoja na dhambi zao zote, walijua utaratibu wa mambo. Hawakudhani soko litaleta amani lenyewe. Walitaka kwanza kila mmoja azuie watu wake wasiruke mto na bunduki. Kisha wakaugawa ujirani huo katika vyombo halisi: sekretarieti Gisenyi, benki ya maendeleo Goma, utafiti wa kilimo Gitega, nishati Bujumbura, kampuni ya umeme Bukavu. Kila mji ukapewa kitu cha kupoteza. Nimeusoma mkataba huu mara nyingi kuliko andiko lolote la taaluma yangu, na kila mara naona ni kazi ya watu walioogopana, wakaamua kuogopana kwa maandishi.

Mama yangu hakuusoma, ila aliuvaa. Alivuka Ruzizi kwenda kuuza vitenge Kamembe, upande wa Rwanda, akarudi na maharagwe na nyanya. Karatasi yake ya CEPGL ya kuvukia mpaka ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki, ikafungwa katika pindo la kitenge kiunoni. Mihuri ilikuwa imepandana hata tarehe hazisomeki, wino wa zambarau umevuja hadi upande wa pili. Siku mpaka ulipofungwa aliikunja na kuiweka ndani ya Biblia, akasema itafunguliwa tu. Ilifunguliwa, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye pindo lile. Anayetaka kuzika CEPGL anazika karatasi hiyo, na wako mamia ya akina mama humu mtaani wanaoishi kwa mrithi wake.

Tuje kwenye maji yenyewe, maana mto una hoja ambayo hata mpinzani wangu hawezi kuikataa. Ruzizi hushuka karibu mita 700 kutoka Ziwa Kivu hadi Tanganyika. Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, iko karibu na mdomo wa ziwa. Ndiyo inayopima maji yanayotoka. Maji yaleyale yakishapita huko yanakwenda Ruzizi ya pili. Kesho yatakwenda Ruzizi ya tatu, ikishajengwa. Fundi wa juu akifunga mlango, wa chini hana kazi. Basi hakuna umeme wa Kongo peke yake katika mto huu, wala wa Rwanda peke yake. Kuna umeme wa watu waliokubaliana, au hakuna umeme.

Na adui wa mitambo hiyo siku nyingi si mwanajeshi. Simameni penye vyuma vya kuchujia maji Ruzizi ya kwanza. Mtaona chupa za plastiki, sandali moja moja, vidumu, mifuko, vimefungamana na majani ya ziwa hata ndege wanatembea juu yake. Plastiki hiyo imekwisha kuharibu mitambo na kuinyima Bukavu umeme kwa muda mrefu. Imetoka wapi? Imeteremka na mvua kutoka milima ya Kadutu, kwenye mitaro yetu, hadi ziwani. Hakuna mwafaka wa Washington unaoweza kuiondoa. Inaondolewa na kamati ya avenyu yenye koleo, mkokoteni na mtu wa kusimamia. Huo ndio uhafidhina wangu kwa kipimo cha mtaa: kuanza na mtaro.

Umeme ukipungua, Cimpunda inajua yanayofuata. Waya wa kuazima unapita juu ya mabati, cheche moja, na mbao za avenyu nzima zinaungua. Mbabula inawashwa kwa makaa, na makaa yanatoka kwenye miti ya Kahuzi-Biega, hifadhi iliyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997. Megawati moja inayokatika Ruzizi inakatwa tena kwa shoka msituni.

Pingamizi zito kuliko yote nalijua, na sitalipita haraka. Nitashirikianaje na jirani ambaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi lake linawasaidia M23? Baraza la Usalama, katika azimio 2773 la tarehe 21 Februari 2025, liliitaka Rwanda iache msaada huo na kuondoa askari wake. Nasimama na azimio hilo neno kwa neno. Kukaa meza moja si kusamehe. Mkataba wa 1976 unatupa haki ya kudai usalama kabla ya jambo jingine lolote, na tukiutupa tunamtupia jirani ahadi yake mwenyewe. Hasara ya kutokaa mezani tumeshaiona kwenye gesi. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilikubaliana kuhusu methani ya Ziwa Kivu, mita za ujazo zipatazo bilioni 60 chini ya maji ya wote wawili. Rwanda leo ina KivuWatt, megawati 26 hivi, zinazotoka kwenye gesi hiyo. Upande wetu bado hakuna mtambo wa umeme wa gesi. Kununa hakujazalisha hata wati moja.

Inabaki Ruzizi ya tatu. Ni megawati 206, karibu mara tatu ya zile za kwanza na za pili zikijumlishwa, umeme wake ukigawanywa sawa kwa nchi tatu. Wafadhili wa mbali wako tayari, na waje. Lakini kampuni za umeme za nchi zetu zimelimbikizia SINELAC madeni kwa miaka mingi, na kampuni isiyolipwa haiwezi kununua vipuri. Kabla mwamba wa kwanza haujapasuliwa kule chini, Kongo ilipe sehemu yake, hata kama wengine hawajaanza. Fedha hizo zisitafutwe kwa mama mwenye balbu mbili hapa Cimpunda. Ningeanza na bili za ofisi na kambi za dola, na ningezipeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya SINELAC, zisipitie Kinshasa.